Nondo ya Mkurugenzi Mkuu

Kabla hajawa mtu wa kufunguliwa mlango wa gari, Mkurugenzi Mkuu aliitwa Sikio. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake wa mamlaka ya maji, na lilimkaa sawasawa. Bomba likipasuka chini ya ardhi na maji yasionekane juu, wenzake walichimba mtaa mzima kama fuko. Yeye alichukua nondo yake, kipande cha chuma kirefu kama fimbo, akaisimika ardhini, akabandika sikio kwenye ncha ya juu na kutulia. Alimwambia mkewe kwamba maji yanayotoroka bombani yana sauti yake, kama mtu anayesengenya huku ameuma meno. Akiisikia hiyo sauti alifumba jicho la kushoto na kuuma mdomo wa chini, sura ileile ya mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano. Kisha alisema, "Hapa." Wakichimba, ni hapo.

Mkewe alikuwa mshonaji, kwa hiyo sura hiyo aliielewa kuliko mtu yeyote. Ndiyo iliyomfanya akubali posa. Wanaume wengine walimjia na maneno matamu na mashati ya kuazima. Huyu alipiga magoti barabarani mbele yake, akaisikiliza lami, wapita njia wakamcheka, naye hata hakujua kwamba anachekwa. Binti akajisemea moyoni kwamba mwanamume anayejua kusikiliza kiasi kile hatamsumbua. Alikuwa na haki ya kukosea, alikuwa bado mdogo.

Nyumba waliijenga wenyewe. Sikio alichanganya saruji siku za mapumziko, mkewe akasomba maji na kushonea watu sare usiku na mchana. Chumba cha cherehani wakakiweka upande wa barabara, ili wateja wasikanyage sebuleni. Halafu mume akataka kuendelea na masomo. Watu husema fulani alisoma kwa jasho lake; Sikio alisoma kwa cherehani. Kila alipofaulu mtihani, palikuwa na rundo la sketi za shule nyuma yake. Mkewe mwenyewe darasani alifika mahali pa kujua kuandika jina lake, basi, lakini vitabu vya uhandisi alivijua vyote kwa uzito, maana ndiye aliyevibeba.

Vyeo vikaanza kuja. Kwanza mkuu wa kitengo, akapelekwa semina ya uongozi, akarudi na mkoba mpya na sentensi moja: kiongozi hashiki spana. Alipokuwa meneja akapelekwa semina nyingine, akarudi na sentensi ndefu zaidi: kiongozi hatatui matatizo, anawawezesha wengine kuyatatua. Wiki hiyo balbu ya chumbani iliungua. Aliiwezesha mpaka mwezi ukaisha, na mkewe ndiye aliyepanda kwenye stuli.

Ilikuwa kama kila cheo kinachopanda kinaondoka na kiungo kimoja cha mwili. Ukuu wa kitengo ulichukua mikono. Umeneja ulichukua magoti, ikawa hawezi tena kuinama hata kufunga kamba za viatu. Ukurugenzi ulichukua kicheko, ukamwachia kitu cha kukohoa kidogo na kutikisa mabega. Ulimi ndio pekee ulioongezeka. Maji yalikuwa hayakatiki tena mjini, bali palikuwa na changamoto ya upatikanaji. Mkewe akisema chumvi imeisha, yeye alijibu kwamba wamelipokea na wanalifanyia kazi.

Kisha ofisini akaletwa dada mmoja wa itifaki, kazi yake kuwaonyesha wakubwa wapite wapi, wakae wapi na wapige makofi wakati gani. Mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi nao, alimwona siku moja tu akamwita Itifaki, na jina likaganda. Haukupita muda, Sikio akamketisha mkewe sebuleni na kumweleza mambo kwa upole wa mtu anayesoma hotuba. Mkuu hupokea wageni. Wageni huzungumza mazungumzo ya namna fulani. Si kwamba mkewe ana kasoro, la, ni matakwa ya nafasi yenyewe. Hakusema kwamba anaoa. Alisema anapanua wigo wa familia.

Akahamia kwenye nyumba ya serikali yenye bustani mbele, yeye na Itifaki. Mabinti zake wawili walikuwa wameshaolewa mbali, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Mama yake mzazi alimwacha kwa mke mkubwa, kwa sababu kikohozi chake hakikuendana na wageni. Nondo nayo aliiacha. Mkewe akaifanya komeo la mlango wa uani.

Miaka ikapita. Sikio akawa Mkurugenzi Mkuu, na mtaa wao wa zamani ukapata bomba jipya, yeye mwenyewe akakata utepe. Miezi michache baadaye ufa ulitokea kwenye ukuta wa chumba cha cherehani, mwembamba kama unywele. Ukapanuka mpaka kidole kikaingia. Sakafu ikawa na unyevu, miguu ya cherehani ikaanza kushika kutu, na mlango wa chumba ukakataa kufunga.

"Nyumba inakunywa maji," alisema mama mkwe, "na sisi bombani hatupati hata ya kunawa."

Mkewe akaenda kwenye dirisha la huduma kwa wateja. Wakamwambia bomba ni jipya, na bomba jipya halivuji. Akarudi mara ya pili na vipande vya plasta vilivyodondoka. Wakamwambia hizo ni mali zake, azitunze. Ile nyumba ndiyo kitu pekee alichobaki nacho kwenye ndoa yote, na ilikuwa inaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka. Ndipo akavaa gauni lake zuri akaenda makao makuu.

Katibu muhtasi alimuuliza yeye ni nani kwa Mkurugenzi Mkuu. Alifikiri sana kabla ya kujibu. Akasema yeye ndiye aliyemshonea ovaroli ya kwanza. Katibu akaandika: mdau.

Alikaribishwa kwenye chumba chenye meza ndefu na baridi ya kiyoyozi. Mumewe alikuwa na watu wawili, mmoja wa kuandika na mwingine afisa habari, mwanamume mwembamba aliyekuwa akitazama kila kitu kama picha. Sikio alimwita "mama yetu", vile wakubwa wanavyomwita mwanamke yeyote aliyesimama mbele yao na shida.

"Baba watoto," alisema, "ukuta wa chumba cha cherehani umepasuka. Njoo usikilize. Sitaki kingine kwako."

"Mama yetu, suala lako tumelipokea," alisema Mkurugenzi Mkuu, na yule wa kuandika akaandika.

Lingeishia hapo, ila afisa habari alikuwa ameshika kidevu. Wiki iliyofuata waziri alikuwa anakuja kumpa Mkurugenzi Mkuu tuzo kwa kukomesha upotevu wa maji mjini, na filamu fupi ya kuonyeshwa siku hiyo ilikuwa haijapata mwanzo. Akaeleza kwa msisimko: kiongozi aliyetoka chini, amerudi mtaani kwake, amepiga magoti na nondo yake ya zamani, anamsikiliza mwananchi wa kawaida. Mwananchi wa kawaida alikuwa amekaa palepale anasikiliza. Hakununa. Aje kwa sababu yoyote, mradi aje.

Wakaja na magari manne, hema, viti na maji ya chupa. Sikio alivaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mkunjo mkali kama kisu, na kifuani cheo chake kimetariziwa kwa uzi wa dhahabu: MKURUGENZI MKUU. Walikuja na nondo mpya inayong'aa, lakini afisa habari akaona inafanana na ya kuigizia. Mke akaenda uani, akachomoa komeo. Mkurugenzi Mkuu alilifuta kwa leso. Mama yake alikuwa amewekewa kiti mlangoni.

Wawili walimshika kwapani ili apige magoti. Akabandika sikio, kamera ikasogea, mtaa ukanyamaza.

Mkewe alikuwa amesimama mahali alipoweza kumwona uso. Mwanzoni ulikuwa uso wa ofisini. Kisha ukabadilika. Jicho la kushoto likafumba. Mdomo wa chini ukaingia ndani ya meno. Akaisogeza nondo hatua moja kuelekea ukutani bila kusaidiwa na mtu, magoti yakamtii, akasikiliza tena, na tumbo na cheo na miaka yote ile vikamtoka, akawa yule kijana wa barabarani asiyejua kwamba anachekwa. Mkewe alimkasirikia sana mtu yule kwa kuwa bado yuko hai mle ndani.

Sikio akafumbua jicho, likakutana na la mkewe.

"Vipi, mheshimiwa?" aliuliza afisa habari.

Mkurugenzi Mkuu aliitazama kamera. Alilitazama jiwe la uzinduzi lililokuwa hatua chache kutoka hapo, lenye jina lake. Akajikung'uta magoti.

"Bomba letu liko imara," alisema. "Hakuna mvujo wowote hapa. Huu ni unyevu wa kawaida kwa majengo ya zamani."

Itifaki ndiye aliyeanza kupiga makofi, kwa wakati unaotakiwa.

Magari yalipoondoka, mama mkwe alingoja vumbi litue.

"Umeliona jicho?"

"Nimeliona, mama."

"Mimi nimemnyonyesha yule. Hata ziwani, maziwa yakitoka vizuri, alikuwa anafumba jicho hilohilo." Akaishika mikono ya kiti akainuka. "Haya, mwanangu. Tufungashe."

Walifika nyumba ya serikali na mkokoteni: godoro, sufuria, cherehani, nondo, na bibi kizee amekaa juu ya mzigo kama mgeni rasmi. Mlinzi akauliza amwambie mkubwa ni nani.

"Mwambie wadau wamefika," alisema mama mkwe.

Wakaingia mpaka sebule kubwa, ile ambamo waziri angeandaliwa chakula baada ya tuzo. Mke akaiweka cherehani karibu na dirisha, penye mwanga. Godoro likawekwa chini ya picha ya Mkurugenzi Mkuu akikata utepe. Itifaki alishuka ngazi, akatazama, akapanda tena. Alijua nani akae kulia kwa balozi na nani atangulie kushuka kwenye ndege, ila namna ya kumtoa sebuleni mama mzazi wa mkubwa hakuwahi kufundishwa. Mchana kutwa alisikia cherehani ikiguguna na kikohozi kikijibu.

Sikio aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Akaanza kusema kwamba anatambua hisia zao, na kwamba ataunda timu ya kufanya tathmini shirikishi. Mama yake alikohoa mpaka alipomaliza.

"Hatukuja kugombana," alisema mkewe, mguu ukiwa bado kwenye pedali. "Wewe umesema ni kawaida ya majengo ya zamani. Na sisi ni watu wa zamani, tumeona tuhamie kwenye jipya. Waziri akija, akituuliza tunafanya nini hapa, nitamweleza tu. Mimi sijui kudanganya, sikusoma."

Mkurugenzi Mkuu akamgeukia mama yake, kama mtoto anayetafuta mtetezi.

"Mwanangu," alisema bibi kizee, "nizibie bomba."

Kesho yake jioni, dereva akiwa ameruhusiwa aondoke mapema, Sikio alikuja sebuleni na ile ovaroli mkononi. Nyingine hakuwa nayo. Zile za zamani ziligeuka matambara ya kudekia. Alizungumza chini kwa chini. Majirani wangemwona akichimba. Wakikiona cheo kifuani, maneno yangefika mbali. Kama mama watoto angeweza kukiondoa.

Mama watoto alichukua wembe, akaketi karibu na dirisha, akakifumua cheo herufi moja baada ya nyingine, bila haraka. Mumewe alisimama akisubiri. Uzi wa dhahabu ukadondoka mapajani mwake, akaukunja vizuri akauweka kwenye kopo la vifungo. Alipoimaliza U ya mwisho akamrushia nguo.

"Haya. Umekuwa mtu."

Alikwenda naye, si kwa mapenzi, ila kuhakikisha. Alimwona akisimika nondo, akifumba jicho, akisema "Hapa" kwa sauti ya kujisemea. Akachimba mwenyewe, akihema kama mvuta mkokoteni. Kiungo cha bomba kilikuwa kimefungwa nusu, kama kazi ya mtu anayewahi sherehe. Alikikaza kwa spana, mikono ikikumbuka kila kitu, akafukia, akakanyagia udongo. Kwa kitambo alikaa ukingoni mwa shimo na matope usoni, na ilikuwa dhahiri kwamba ana furaha. Kisha simu ikaita, akasimama, na sauti iliyoipokea ilikuwa ya ofisini.

Tuzo alipewa. Wanasema filamu iliwaliza watu, hasa pale alipopiga magoti, na waziri alimsifu kwa kuwa kiongozi anayesikiliza. Wanawake wawili walikuwa wamesharudi kwao kabla ya viti kupangwa. Ukuta wameuegemeza kwa nguzo na kuziba ufa kwa saruji. Umesimama, umekaa upande kidogo, lakini umesimama. Sakafu imekauka. Nondo imerudi kwenye mlango wa uani.

Ovaroli imebaki chumba cha cherehani, imetundikwa msumarini. Sikio aliiacha pale siku ile, akaomba irudishiwe cheo chake, maana kuna ziara. Ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha, cheo bado kinasomeka kwa matundu ya sindano, ila uzi haupo. Dereva ameshatumwa kuifuata mara kadhaa. Kila akija, mama mkwe humkaribisha kiti, na mke mkubwa hamwangalii, huendelea kukanyaga pedali.

"Mwambie bosi wako," humjibu, "suala lake tumelipokea."