Sahani ya mama mkwe chini ya maua

Bandugu, leo nimechapwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, bila hata kofi moja.

Asubuhi mama mkwe alivuka mpaka kutoka Bukavu. Kila akija ni swali moja tu: batoto bako wapi?

Na mimi sina roho nzuri. Ile sahani aliyotupatia siku ya ndoa nimeiweka chini ya chungu cha maua, ipokee maji machafu.

Leo nikamwagilia mbele yake, makusudi kabisa, mpaka matope yakajaa sahani.

Akainama, akagusa machipukizi matatu yaliyoota pembeni ya maua, akaniambia:

“Umefanya muzuri, Maman. Mu hii nyumba, hii maua ndo peke yake inazala batoto.”

Bwana yangu, aliyeketi hapo, akacheka!

Jioni huyo bwana atakula mu ile sahani, na siioshi. Muniambie tu nipike nini.