Seva ya Mama Mkwe Iliyokataa Kupona

Jamani, mashine nimetengeneza nyingi, ila sijaona inayopona nikiwepo na kufa nikigeuza mgongo.

Ilikuwa seva kuukuu kwenye duka la uchapaji la mama mkwe wangu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiiendesha. Miezi michache baada ya kumzika, seva nayo ikagoma kufanya kazi. Mama akanipigia nikaiwekee mfumo mpya.

Siku ya kwanza, ujumbe: hakuna diski.

Nikajua ni uzee. Kadi ya diski ilikuwa ya kale, mfumo mpya hauitambui. Nikatafuta programu yake, nikaitia kwenye flashi, diski zikajitokeza. Mafaili yakaanza kuingia, mwendo wa konokono.

"Imekubali, mama. Naiacha ijimalizie."

"Ahsante, mwanangu. Kunywa chai kwanza."

Kesho yake, diski hazionekani tena. Kebo imelegea! Nikaikaza, nikaanza upya.

Siku iliyofuata, skrini nyeusi, mashine inalia pii pii tu. RAM, kile kibao cha kumbukumbu, imekaa upande. Nikaichomeka vizuri, nikaanza upya tena.

"Mama, ikigoma tena tuitupe hii takataka. Nitakutafutia nyingine."

Akashtuka kama nimemtukana. "Usiitupe! Utajaribu tena kesho."

Nikatoka nimenuna. Sijafika mbali, nikakumbuka bisibisi yangu. Nikarudi.

Nikamkuta amepiga magoti, mfuniko wa seva uko sakafuni, miwani imemshuka puani. Anachomoa RAM, polepole, asiivunje.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

Hakukana. "Marehemu alinifundisha kuifungua, nipanguse vumbi."

"Sasa kwa nini unaiharibu?"

Akaitazama ile RAM kiganjani.

"Ikipona, wewe utakuja kufanya nini hapa?"

Hasira zote zikaniisha.

Nikakaa chini kando yake. Msibani tulijikaza, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Siku hiyo hatukujikaza. Mteja alichungulia mlangoni, akatuona, akaondoka bila kuuliza kitu.

Tulipotulia, nikarudisha RAM mahali pake. Safari hii sikutoka. Mfumo ukaingia hadi mwisho, mama akiwa kwenye kiti pembeni.

Nilipoinuka kuaga, akanishika mkono wa shati.

"Kesho?"

"Kesho, mama."

Wewe uliyefiwa na mwenzako, usidhani ukwe nao umezikwa. Kuna mzazi anakusubiri. Nenda, hata kama huna cha kutengeneza.