Anza na Mkubwa Wao

Kila baada ya adhuhuri hapa Riyadh, nyumbani kwa binti yangu Rukia, namsikia Hoa, msichana wa Kivietnamu anayetusaidia kazi, akiwapigia simu watu wake, saa ambayo kwao ni jioni na wanakaa kula. Sauti yake hushuka, ikawa kama ya mtu aliyevua viatu mlangoni. Juzi nilimuuliza anawaambia nini. Akanieleza kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga: mbele ya wakubwa, neno moja la kuwakusanya wote, mafi, hakuna! Kina babu na kina bibi ni *các ông, các bà*. Kina shangazi na kina ami ni *các cô, các chú*. Mkubwa kwanza. Ukipanga vibaya umemvunjia mtu heshima.

Wenzangu, na uzee huu, niliisikia sauti ya mama yangu.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa Ghulail, Jidda, watu wa Unguja tuliokimbia kwetu, tusio na pa kurudi. Ikama ya baba, kibali chake cha kukaa, ilibakisha siku tatu, na kafili wake, mdhamini wake wa kazi, hataki kutia saini. Mama akaamua kumwendea mama yake kafili, Sitti Nur, ambaye mwanawe hamkatalii neno. Njia nzima alinibana kidole mpaka kikafa ganzi.

"Usiwarushie salamu kama unawamwagia kuku mtama," aliniambia. "Kila mtu na mkono wake, uubusu. Anza na mkubwa wao. Ukinitia aibu leo, baba yako anapandishwa meli."

Chumba kilinukia udi na iliki. Juu ya mito walikaa Sitti Nur, binti zake Fawziya na Khadija, na jirani yao Ummu Hasan. Karibu na mlango, penye birika la kahawa, alikaa mtumishi wao, kikongwe mweusi aitwaye Mabruka. Nikamtafuta mkubwa wao kama nilivyofundishwa: mwenye mvi nyingi, mwenye mikunjo mingi. Nikaenda moja kwa moja kwa Mabruka, nikaubusu mkono wake, na kwa woga Kiarabu chote kikanipotea.

"Shikamoo, bibi."

Nyuma yangu mama akanivuta gauni. Mabruka alininong'oneza kwa Kiswahili, midomo haichezi: "Si mimi, mwanangu. Nenda kwa yule."

"Tangu lini watu wakaingia kwangu wakaanzia jikoni?" aliuliza Sitti Nur.

Mabruka akapaza sauti kwa Kiarabu: "Kosa langu, bibi. Nilimwashiria aje anishikie vikombe."

Uongo. Hakuniashiria hata kwa jicho. Sitti Nur akamgeukia, akamtukana, ng'ombe mzee asiyefundishika, nami nikazunguka kuibusu mikono iliyobaki. Tulipoaga, Sitti Nur alimwambia mama, "Yalla, mumeo aje kesho." Saini ikapatikana.

Nisiwafiche: siku ile nilifurahi kuwa katukanwa mwengine. Nilishakuwa na watoto watatu ndipo nilipojiuliza, nasugua sufuria, bibi yule Kiswahili alikipata wapi. Hakuja kwa kukimbia kama sisi. Aliletwa, akauzwa, pengine mdogo kuliko mimi siku ile. Mabruka ni jina alilopewa katika nyumba ile. Alikuwa nalo jengine, alilopewa na mama yake, na mimi niliyeubusu mkono wake sikumuuliza.