Dawa ya Kuchua Mikono ya Babu

Juzi niliteremka Lushoto mjini kutafuta dawa ya magoti. Magoti yangu siku hizi yana maneno mengi kuliko mimi, na wewe unayenijua utakubali kwamba hilo si jambo dogo. Binti wa dukani akaniamkia vizuri, akaniuliza ninaumwa wapi, akanitolea kikopo cha dawa ya Kihindi ya kuchua viungo. "Hii ina joto, mama. Ukipaka leo, kesho unacheza ngoma," akasema, akafungua kifuniko na kunisogezea puani. Tangawizi, kafuri, karafuu, mafuta ya ufuta. Nilijikuta nimeinua mkono kukinga uso, nimejikunyata nyuma ya gunia la mchele, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

"Mama, ni dawa tu!" binti akasema, naye ameshtuka.

Ni dawa tu, kweli. Ngoja nikueleze.

Bibi aliyetulea mimi na mdogo wangu, kule juu ya Mlalo, alijua kuipika dawa hiyo. Usichanani alifanya kazi za ndani kwa Mhindi mmoja mwenye duka, na mama mwenye nyumba akamfundisha: mafuta ya ufuta yachemke polepole na tangawizi iliyopondwa, manjano na karafuu, kisha yakiepuliwa yatiwe kafuri na nta ya nyuki. Bibi akaongeza majani ya mkaratusi, kwa sababu ndiyo yaliyojaa pale mlimani, na kwa sababu hakupenda kufuata maagizo ya mtu mpaka mwisho. Majirani walipita nje wakivuta pumzi na kusifu. Sisi wawili, tukiisikia harufu ile, tulianza kutafuta pa kujificha.

Babu alikuwa mpasua mbao. Miaka mingi alivuta msumeno wa watu wawili msituni, kwenye ukungu na matope, hadi baridi ikamwingia kwenye viungo. Wakati wa jua vidole vyake vilifanya kazi, na kazi viliyoipenda nyumbani ilikuwa kupiga. Alimpiga bibi kwa chai iliyopoa na kwa chai iliyomuunguza ulimi. Alimpiga kwa kuchelewa sokoni, na alipowahi kurudi alimpiga kwa kutouza. Alimng'oa jino kwa ngumi, kisha akamwamuru aliokote asimchafulie sakafu. Sisi alituchapa kwa fimbo ya mti wa mwati, na akichoka husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Siku moja jogoo aliwika babu akiwa amelala mchana. Alimkamata miguu, akambamiza kwenye nguzo ya jiko, na bibi akaagizwa ampike. Tulimla. Alikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Kisha kilikuja kipupwe. Watoto wa wenzetu waliilalamikia baridi, sisi tuliiomba. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliuliza tunataka kumwomba Mungu nini, na mdogo wangu akajibu, "Alete baridi." Darasa zima lilicheka. Hawakujua kwamba ukungu ukishashuka na kukaa, mikono ya babu ilikakamaa, vidole vikajikunja, hata kifungo cha shati kikamshinda. Bibi alimlisha ugali na mboga ya mshunga tonge kwa tonge. Jioni tulikaa motoni tukichoma viazi, na bibi alicheka. Alikuwa mwembamba mwenye kicheko cha mtu mnene. Nilidhani bibi ana msimu wake wa kucheka, kama mapichesi yalivyo na msimu wake.

Lakini babu naye hakuwa mjinga. "Nichue," alisema. Bibi alipasha dawa, akaivuta mikono ile mapajani mwake, akaichua kidole kwa kidole mpaka ikalainika. Jirani yetu, mjane mwenye shamba chini ya letu, alimkuta akiifanya kazi hiyo na hakuweza kuvumilia.

"Wee mwenzangu, wanoa panga la kukukata mwenyewe!"

"Ni mume wangu. Na mikono hii ndiyo inayotulisha."

"Inawalisha nini? Makofi?"

Bibi aliendelea kuchua.

Mwaka huo alichua mpaka babu akaweza kushika kikombe. Kesho yake asubuhi akashika kuni. Mdogo wangu alikuwa amemwaga maziwa, kidogo tu, ya kumtosha paka. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika kama kijiti kikavu. Bibi alijitupa katikati, akayapokea mapigo yaliyobaki begani na mgongoni. Kisha akamkumbatia mjukuu wake kifuani na kuteremka naye hospitali kwa miguu, mwenyewe anatoka damu sikioni. Waliporudi alikoka moto, akapika.

Kipupwe kilichofuata kilikuwa kikali, na mikono ya babu ikajifunga. "Nichue," akasema. Bibi akapasha dawa kama kawaida, nasi tukaanza kuutazama mlango. Akaketi mbele yake kwenye kigoda. Akashusha kanga, akachota dawa, akaanza kujichua mwenyewe, bega lile ambalo halikunyanyuka tangu siku ya kuni. Alijichua taratibu, huku anamtazama.

"Wewe mwanamke, husikii?"

"Nasikia."

"Nichue mikono!"

"Dawa hii ni ya wagonjwa," bibi akasema. "Mikono yako ni mizima hivyo hivyo ilivyo."

Babu akainuka. Akaibana fimbo kwa vifundo vya mikono miwili, akamwendea. Bibi akamnyang'anya kwa mkono mmoja, akampiga nayo. Alimpiga mabegani, akampiga mgongoni, na babu alipojikinga akampiga kwenye mikono ile ile. Babu alilia kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia. Nilifurahi, sikufichi. Nilitamani aendelee. Aliacha mwenyewe, akaitia fimbo motoni, akaketi kumaliza kupaka bega lake.

Babu hakuchuliwa tena mpaka anakufa. Bibi alimlisha, alimwosha, alimvisha, nasi tulimwamkia shikamoo kila asubuhi kama kawaida. Dawa tu ndiyo hakupewa. Akawa mtu wa kukaa kibarazani, mikono imemlalia mapajani, na kijiji kikaanza kumsifu kwa utulivu wake.

Msibani mchungaji alihubiri upole wa marehemu kwa muda mrefu. Bibi alikuwa kwenye mkeka, mimi nyuma yake. Akamwinamia yule jirani. "Hakuwa mpole huyu," akamnong'oneza. "Hakuchuliwa tu." Jirani akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na waombolezaji waliodhani analia wakazidisha kilio.

Leo bibi, babu na jirani wote hawapo. Nyumba ilibomolewa, na aliyenunua shamba amelima kabichi hadi pale palipokuwa na jiko. Nina hamu sana na bibi, nina hamu na yule jirani na mdomo wake. Babu sina hamu naye. Watu wakinionya kwamba marehemu hasemwi vibaya, nawaelekeza kwa mdogo wangu, wamwombe anyooshe mkono ule uliovunjwa.