Mifuko ya Joho la Meya

Winifred Tuffnell alikuwa fundi viatu, na hata mwaka aliokuwa Meya wa Tadminster hakuiacha nyundo. Ukimtaka Meya ulimkuta kibandani kwake sokoni, misumari mdomoni, akasikiliza malalamiko yako ya mitaro huku anakugongea kisigino. Tulimpenda sana. Lakini mapenzi kando, mizani kando, na sisi wa Tadminster kwenye mizani hatuna huruma.

Maana kwetu Meya hupimwa. Siku ya kiapo hukalishwa na joho jekundu la mji, lile linalorithiwa Meya kwa Meya, kwenye mizani kubwa ya kupimia sufu, chini ya ukumbi wa soko, na mwaka ukiisha hukalishwa tena na joho lilelile. Uzito ukiwa uleule, tunapiga makofi. Ukipanda, mpiga mbiu anatamka, "Na ziada!", na soko zima linamzomea kwa kunenepea kodi zetu. Ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu, na asiyependa akawe Meya kwingine.

Baba yake, mzee Cuthbert, aliyekuwa na bucha pale darajani, naye aliwahi kuwa Meya, na naye aliambiwa, "Na ziada!" Alicheka mbele za watu, akaenda zake nyumbani, na siku ya mizani hakukanyaga tena sokoni maisha yake yote. Winifred alikuwa msichana bado. Jambo lile lilimkaa rohoni.

"Baba, mwaka huu utakuja," alimwambia. "Nitashuka mwepesi kama nilivyopanda, na jina letu litasafika."

"Usiniahidi."

"Nimeshakuahidi."

"Haya, nitakuja. Lakini nikilisikia lile neno, nageuza kiti changu naondoka." Siku hizo alikuwa anatembelea kiti cha magurudumu.

Sasa shughuli ni hii: asubuhi ya mizani Meya lazima auzunguke mji, na kila pahali pa kale analishwa, na kukataa ni tusi. Darajani wakampa soseji za moto. Kanisani, penye mnara ulioinama kwa sababu wajenzi walilipwa kwa bia, wakampa pande la jibini. Na Winifred ameshinda miezi mizima kwa supu ya kabichi, ndiyo kwanza ameurudia uzito wa kiapo, jamani, mate yanamdondoka.

Kilichomwokoa ni mifuko. Ndani ya joho kulikuwa na mifuko miwili mirefu, imeshonwa kwa uzi mnene na mishono ya ovyo kiasi kwamba siku ya kwanza kulivaa alisema aliyeshona hakuwa na macho. Leo aliibariki. Aligeuka kidogo, akatafuna hewa, akasifia upishi, na soseji zikazama mfukoni. Jibini nalo likafuata.

Mwisho ni nyumba za wajane. Tajiri wa sufu aliyezijenga aliacha agizo kwamba wajane ndio wamlishe Meya, asije akasahau wanakoishi. Mlangoni alisimama Bi Edna Loftus, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, ameshika keki ya tangawizi.

"Nimeikanda mwenyewe kwa mikono hii," alisema. "Kula, Mheshimiwa. Umekonda mpaka unatutia aibu."

"Hii siili kwa pupa, bibi. Hii ni ya kula taratibu."

Nayo ikaingia mfukoni. Winifred aliteremka kwenda sokoni anachekacheka peke yake, karibu arukeruke. Tumbo tupu! Akakaa kwenye mizani kwa madaha. Denzil, mpiga mbiu, akaweka mawe, akaongeza jiwe, akaongeza jingine, akajikohoza.

"Na ziada!"

Lo, tulivyozomea! Tulizomea mpaka njiwa wakahama mnara. Winifred alibaki ameduwaa, hadi aliposikia mafuta ya soseji yakimchuruzika mguuni, ndipo akaelewa. Kichwa chake chote kilikuwa tumboni, mifuko ameisahau.

"Una la kujitetea?" Denzil akauliza.

Alikuwa nalo. Mkono ulikuwa umeshaingia, umeshika keki. Kuitoa tu, na baba yake pale mbele angejua kwamba ametimiza ahadi. Lakini pembeni ya baba alisimama Bi Edna, anazomea kwa raha zake zote, mikono ile iliyopinda ameiweka mdomoni kama tarumbeta.

Winifred akautoa mkono mtupu.

"Sina," alisema. "Keki ilikuwa tamu mno. Nimeila yote."

"Ni yangu hiyo!" Bi Edna akawaambia waliosimama nyuma yake. "Mmesikia? Ni yangu."

Mzee Cuthbert akageuza kiti. Winifred akajisikia vibaya, vibaya sana. Lakini mzee hakuondoka, alikuwa anaizunguka mizani aje upande wa pili, pasipo na watu. Akalishika joho pale lilipoloa, akanusa vidole.

"Soseji," alisema.

"Baba, nisamehe. Nilikuahidi."

"Fundi mzima wewe, mwaka mzima umevaa hili joho, huo uzi hukuujua?"

"Uzi gani?"

"Wa kufungia nyama." Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko, na machozi yanamtoka. "Unadhani nani aliishona hiyo mifuko?"