Kuku wa Mama Trei Hawajui Kujificha

Saa kumi na moja alfajiri, kabla wapangaji hawajaanza kupanga foleni ya choo, mwanamke mmoja anainama mbele ya sanduku la mbao lililoegemezwa ukutani. Anaondoa gunia, anaingiza mkono polepole. Yai la kwanza bado lina joto. Analigusisha shavuni, kisha analipanga kwenye trei.

"Hii ndiyo chai yangu ya asubuhi," anasema.

Mtaa mzima unamwita Mama Trei. Mayai mabichi huyapeleka kwenye vibanda vya chai. Ya kuchemsha huyatembeza mchana kwenye gereji, akiwa na ndoo, chumvi na maneno mengi. Fundi akikopa leo, kesho hukumbushwa mbele ya wateja wake.

Hakuanzia hapo. Mume wake alikuwa mpakuzi wa saruji hadi mifuko ilipomporomokea na kumuumiza mgongo. Tangu hapo hanyanyui kizito. Mama Trei akashika kazi ya kufulia watu nguo.

"Nilifua mpaka vidole vikachubuka," anakumbuka, "na jioni bado nafikiria nani ale, nani asubiri."

Ndipo mkutano wa mtaa ulipomtaja kwenye mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kila baada ya miezi miwili hupokea fedha zinazotosha unga wa wiki tatu na madaftari. Sharti ni watoto waende shule na mdogo asikose kliniki. Katika kila malipo alibana kidogo, mwisho akanunua mitetea wawili; yule mkubwa mume akampa jina Bi Mkubwa. Haba na haba, leo anao kumi na mmoja.

Na hapo ndipo usingizi ulipomruka. Zilivuma habari kwamba maafisa wa mpango wanakuja kukagua kaya upya, na atakayekutwa na kitu atafutwa. Mtaa ukaingia shughuli. Redio ilizama ndani ya debe la mkaa. Mama mmoja alibeba cherehani yake kichwani, imefunikwa shuka kama mgonjwa, akaipeleka kwa wifi yake.

Mama Trei aliwapeleka kuku kwa shoga yake, muuza mkaa wa nyumba ya pili, wakafungiwa stoo. Akafagia kinyesi, akalifunika sanduku, akakaa kusubiri.

"Msaada ukikatika, na kuku wanakwisha," anaeleza. "Mwezi mmoja tu ukiwa mbaya, nawauza wote tule. Tunarudi kule kule."

Maafisa waliahidi kuja asubuhi. Walifika jua likielekea kuzama, mume wa Mama Trei amepitiwa na usingizi wa dawa, na muuza mkaa, aliyekwisha kukata tamaa ya wageni, amefungua stoo ampimie mteja.

Kuku hawakuwa wameelezwa chochote. Giza likiingia, wao hurudi kwao.

Afisa, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amekalia kigoda uani akiuliza kama kaya ina mradi wowote. Mama Trei alikuwa anajibu kwa mara ya tatu kwamba hana hata wa kusingiziwa. Ndipo walipoingia wakifuatana, weusi tititi kwa vumbi la mkaa, wakapita kati ya miguu ya afisa na kusimama mbele ya sanduku.

Afisa aliuliza ni wa nani. Muuza mkaa alikuwa ameshafika mbio, anahema.

"Wangu hao, dada. Huoni rangi? Wamefanana na mwenyewe."

Mambo yangeishia hapo. Lakini sauti ya mume ilitoka ndani, nzito ya usingizi, kama inavyotoka kila jioni:

"Mama, Bi Mkubwa ameingia? Jana alichelewa yule."

Muuza mkaa aligeukia ukuta. Mama Trei anasema alitamani ardhi ipasuke. Alikiri kuwa kuku ni wake, na fedha zilizowanunua ni za mpango.

Afisa alivua miwani, akaifuta. Alimweleza kuwa hakuna anayefutwa kwa kuwa na kuku. Ukaguzi ule ulikuwa wa kutafuta kaya zilizoanzisha kitu, ziombewe ruzuku ya kukikuza.

"Mama, muda wote huu ulikuwa unanibembeleza nikunyime," alimwambia.

Hakumficha la pili: msaada si wa maisha, siku moja utakoma. Ruzuku yenyewe haijatoka. Wameambiwa wasubiri malipo yajayo. Mwenye cherehani hata hilo hana la kusubiri. Aliandikwa hana mradi, na sasa kila siku anaulizia ukaguzi mwingine.

Mama Trei hataki kungoja mikono mitupu. Ameshaokota mbao za banda la kuku, na waya amemwekea mume wake chini ya kitanda. Kazi ya kugongelea misumari haihitaji kusimama, na mume, ambaye bado anataniwa mtaani kwa swali lake, anasema angalau safari hii ataharibu kwa nyundo, si kwa mdomo.

Banda litajengwa mbele ya nyumba, si uani. Mama Trei ameshachora mstari kwa kijiti.

"Mlango utatazama njiani," anasema, akijitwisha trei. "Anayetaka kuwahesabu, awahesabu."