Mwisho wa Waterloo Nilioufuata Mbwera

Mkongo, Ijumaa. Nilifunga safari kwa sababu nilitaka kujua nani alishinda vita vya Waterloo. Mume wangu aliposikia aliuliza kama hakuna mtu wa karibu wa kumwuliza.

Nikiwa kidato cha tatu Kibiti, Mwalimu Mbonde alitufundisha vita hivyo wiki mbili nzima, ingawa mtihani ulikuwa na swali lake moja tu. Siku moja alikuwa amefika saa kumi jioni ya vita, Napoleon anashinda, farasi wanapanda kilima, ndipo mjomba wangu akasimama mlangoni na kusema mama anaumwa sana. Nikafunga daftari. Sikurudi tena shule. Huu ni mwaka wa thelathini nashona nguo Mkongo. Simu ninayo na ningeweza kutafuta humo. Sikutaka. Nilitaka Mwalimu amalizie sentensi yake.

Wiki iliyopita kundi letu la WhatsApp la waliosoma pale lilitangaza kwamba Mwalimu anahamia Tabora kwa binti yake Jumatatu, na kabla hajaondoka ametuandalia mchezo wa kutafuta hazina kwa mafumbo ya Waterloo. Hazina yenyewe ni kwamba mshindi atafundishwa vita vyote upya, na Mwalimu mwenyewe. Watu walituma vikaragosi vya kucheka. Mimi nilipanda bodaboda hadi Ikwiriri, kisha gari la Kibiti.

Kibiti, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Tulifika watu tisa. Nilimwamkia Mwalimu, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Marahaba, Zuhura," alisema. "Umechelewa."

Akatusomea fumbo la kwanza: usiku wa kuamkia vita mvua ilinyesha, na Napoleon akangoja tope likauke, nendeni mahali ambapo hakuna anayeondoka mpaka maji yaamue. Wenzetu saba walikwenda kupanga foleni kwenye bomba la mtaa. Mimi na Athumani, tuliyekaa naye dawati moja na sasa anauza mabati na misumari, tulikwenda Nyamisati kwenye boti za delta.

"Wewe unaitaka ile zawadi kweli?" aliniuliza njiani.

"Naitaka."

"Mimi nataka kushinda tu."

Nyamisati, saa tatu. Fumbo la pili lilikuwa limebandikwa kwenye kibanda cha chapati. Lilisema: Waprusi, waliokuja kuwasaidia Waingereza, walitokea msituni, upande ambao Napoleon hakuutazamia. Msitu wa huku ni mikoko, na huko Mbwera yuko mama anayepima boriti za mikoko, Bi Tatu. Maji yalikuwa yamejaa. Tukapanda boti ya mashine, tukapita mikoko kulia na kushoto, na Athumani akatapika mara mbili bila kukata tamaa.

Mbwera, mchana. Bi Tatu tulimkuta anahesabu boriti zake kwa kamba. Alitukaribisha, akatupa wali na samaki, akasikiliza habari yetu yote, kisha akasema bahasha anayo, imo sandukuni, na hatupi.

"Mama, tumetumwa na Mwalimu mwenyewe," Athumani alisema.

"Inawezekana. Lakini aliponipa alisema, Bi Tatu, niwekee hii. Hakusema nimpe nani. Hiyo ni amana, mwanangu. Akija mwenyewe nitampa."

Athumani alibembeleza, akaapa, akaonyesha kitambulisho cha taifa. Bi Tatu alikisoma kwa makini, akasema picha imetoka vizuri. Mimi sikubishana. Nina nguo za watu dukani ambazo wenyewe hawajaonekana miaka, na sijampa mtu hata kifungo. Ila roho iliniuma, maana Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Tukapanda mahali penye mtandao na kumpigia Mwalimu aje kuchukua fumbo lake.

Mbwera, Jumapili, saa nne. Mwalimu alishuka kwenye boti amevua viatu, tope magotini, na fimbo yake.

"Nilikwambia watakuja watu," alimwambia Bi Tatu.

"Watu huja kila siku, Mwalimu."

Alipokea bahasha mbele ya mashahidi watatu, sisi wawili na mwenye boti, akaifungua na kutusomea swali la mwisho. Baada ya saa kumi jioni, nani alishinda?

Hilo ndilo swali pekee nisiloweza kulijibu.

"Napoleon alipigwa!" Athumani alipiga kelele.

Miaka thelathini, na nikaja kuambiwa na muuza misumari. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Mwalimu alimpa mkono mshindi, akatazama mkondo. Maji yalikuwa yameanza kupwa na boti ingekaa hadi jioni. Akapanga boriti za Bi Tatu chini, hizi Waingereza, hizi Wafaransa, akaanza upya tangu mvua ya usiku. Athumani alisinzia kabla jeshi halijamaliza kunywa chai. Mimi nilisikiliza hadi walinzi wa Napoleon, ambao walikuwa hawajawahi kurudi nyuma, walipogeuka na kukimbia.

"Kuna swali?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna."

"Basi ninalo mimi. Siku ile ulitoka na mjomba wako, na mwezi uliofuata nikahamishwa, nikarudi Kibiti uzeeni. Kila nikifundisha Waterloo, nikifika saa kumi jioni, nakiona kile kiti chako. Mama yako alipona?"

Nilikuwa nimekwenda kumtafuta aliyejua mwisho, nikidhani siku ile niliachwa njiani peke yangu. Kumbe naye aliachwa bila mwisho wa habari yangu; nilijifunza hilo Mbwera, nimekaa juu ya jeshi la Waingereza. Maji yalikuwa bado mbali.

"Hakupona, Mwalimu," nilisema, kisha nikamsimulia tangu tulipotoka mlangoni, siku kwa siku, hadi asubuhi tuliyomzika.